Mikato Kumi na Mmoja

Wino wa siku hizi hauna harufu. Nimeunusa mara nyingi, watu wakinitazama kama mwendawazimu, na kila mara nimeishia kuirudisha kalamu mezani. Wino wetu sisi ulikuwa unga wa buluu ulioletwa shuleni ndani ya pakiti ndogo, nasi tukaukoroga kwa maji ya mto. Wanaoyajua maji ya Tana wanajua kwamba ni nusu maji, nusu shamba la mtu wa huko juu. Ukiiacha chupa hadi asubuhi, tope linatulia chini, na ukizamisha kalamu kwa pupa unaandika kwa udongo. Wino ule ulinuka chuma na tope kwa pamoja. Juzi mjukuu wangu aliniletea daftari lake la Kiingereza. Mwalimu wake alikuwa amezungushia duara jekundu mahali palipokosa mkato, na kabla sijavaa miwani harufu ile ilinijia puani, nikalazimika kuketi.

Mtoto akadhani ni presha. Nilimwambia ndiyo, ni presha, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu na sijawahi kumsimulia mtu wa nyumbani. Nawasimulia ninyi kwa kuwa hamtaniuliza maswali.

Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru ukiwa bado ni neno la kunong'onwa. Kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa mto, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Garsen, upande wa Idsowe. Tulipanda mpunga mabondeni maji yalipoingia, na mahindi na ndizi ukingoni maji yalipotoka. Baba yangu, Komora, alikuwa na mtoto mmoja tu, nami nilikuwa msichana. Aliponiingiza shule watu walimcheka. Aliwajibu kwamba mto ukila shamba hauulizi kama mwenyewe ni mume au mke. Kwa hiyo nikakaa darasani na wavulana ishirini, baadhi yao wana wa Waorma wafugaji waliokuja shule wakinuka maziwa ya moshi, nikajifunza lugha ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyepata kuingia nyumbani kwetu.

Mwalimu wetu aliitwa Athmani, mtu wa Kipini, mwembamba, kanzu yake ya Ijumaa ikiwa na kiraka kimoja alichokificha kwa mkono. Alipofika kwenye mikato ya Kiingereza aliona macho yetu yamelala, akaweka kitabu chini. Alisema sentensi ziko za aina mbili. Kuna inayosimama kwa miguu yake, ukiisema mtu anakuelewa na kwenda zake. Na kuna inayoegemea. Ukisema "mvua iliponyesha" kisha ukanyamaza, aliyekusikiliza atabaki ameshika kizingiti akingoja. Hii inayoegemea ni ndama, na ile inayosimama ni mama yake. Ndama akitangulia mbele, laza ufito njiani baina yao asipotee, na ufito huo ndio mkato. Ndama akimfuata mama yake kwa nyuma, mwache, atafika mwenyewe. Na wakikutana ng'ombe wawili wazima, kila mmoja na miguu yake, weka ufito na neno la kuwaunganisha, la sivyo watapigana pembe.

Mvulana mmoja wa Kiorma alinyoosha mkono akasema kwamba ndama hatangulii mbele ya mama yake, na mchungaji anayeruhusu hivyo ni mjinga. Mwalimu Athmani akamgeukia.

"Hawa ni ng'ombe wa Kiingereza," alisema. "Kaa chini."

Tulicheka sana siku ile, na nilirudi nyumbani nikamsimulia baba, naye akacheka hadi akashika ubavu. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka vizuri, kwa sababu msimu uleule kiboko aliingia shambani kwetu.

Aliingia mara tatu. Mara ya kwanza alikula mpunga, mara ya pili aliukanyaga ule aliouacha, mara ya tatu alivunja nguzo ya dungu, lile jukwaa la miti ambalo baba alikaa juu yake kulinda shamba. Baba alimtegea mkuki, akamuua. Mnyama wa mto alikuwa mali ya serikali, na shamba letu halikuwa mali ya mtu yeyote aliyekuwa na hati. Askari walikuja kabla mzoga haujaoza, wakamfunga baba mikono kwa kitambaa chake mwenyewe. Alipewa miaka miwili, akapelekwa jela ya mbali, upande wa Mombasa.

Mwaka wa kwanza ulikuwa haujaisha alipopita kijijini mtu mmoja wa huko juu aliyetoka jela hiyohiyo. Alikula wali kwetu, akanawa mikono, kisha akamwambia mama kwamba Komora anakohoa damu na kwamba kati ya waliolala naye upande mmoja wa ukuta, wanne walikuwa wamekwisha kuondolewa. Mama hakuuliza waliondolewa kwenda wapi.

Wazee wa gasa, yaani baraza letu la kijiji, walikutana. Aliyeongoza alikuwa Mzee Buya, ndugu wa babu yangu, mtu wa heshima kupita kiasi, ambaye hata kuku akiwa njiani alimpisha. Waliamua iandikwe barua kwa mkubwa wa ofisi kuomba Komora arudishwe nyumbani akiwa hai. Tena iandikwe kwa Kiingereza, kwa sababu kila mtu alijua kwamba barua ya Kiswahili inasomwa na karani na kuishia kwa karani, bali ya Kiingereza inafika mezani pa mzungu mwenyewe.

Walimwendea Mwalimu Athmani. Niliitwa niwepo, nikasimama karibu na mlango wa nyumba yake. Aliwakaribisha, akawapa kahawa, akasikiliza hadi mwisho, kisha akaangalia mikono yake.

"Wazee wangu, hilo siliwezi," alisema. "Mimi nala mkononi mwa serikali. Siku hizi mwalimu akimwandikia mfungwa barua, kesho ataulizwa ni kiapo gani amekula." Akanitazama. "Lakini mwandishi mnaye. Yuwasoma vyema kuliko wavulana. Mie tamfunza mikato, na hayo hakuna atakayenifunga kwayo."

Kwa muda wa wiki mbili, baada ya wenzangu kwenda mtoni, alinibakiza. Hakuniuliza lolote kuhusu baba. Alinipa sentensi zinazoanza na *because*, na *when*, na *although*, nikalaza fito zangu, akazipima moja moja kwa kidole. Siku ya mwisho alinipa karatasi moja kubwa, safi, akaniambia jambo ambalo nimelibeba maisha yangu yote. Alisema mzungu akiona mikato imekaa mahali pake anajua kwamba aliyeandika ni mtu, na barua ya mtu haitupwi. Nadhani alisema hivyo ili nijipe moyo. Mimi nililishika kama aya.

Sasa niwaeleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwetu mwenye shida hatoi shida mlangoni. Anakuja, anakaa, anatoa habari. Anasema mto uko vipi, mvua imepita wapi, nani amezaa, ng'ombe wa majirani wamekunywa wapi. Mwenyeji anajua fika kwamba kuna neno nyuma ya maneno hayo, naye anangoja. Habari zikiisha, mgeni anatulia kidogo, kisha anasema, "Na basi, kuna hili dogo." Hapo ndipo ombi linapotoka, na kwa kuwa umemsikiliza muda wote huo, kumnyima ni aibu. Anayeanza na ombi ni mtu aliyekimbizwa na simba au ni mtu asiye na wazazi.

Barua iliandikwa alasiri tatu, uani kwetu, mama akianika mpunga pembeni na kuugeuza kwa miguu. Mzee Buya alisema, mimi nikageuza kwa Kiingereza nilichokuwa nacho, nikiandika kwanza kwenye daftari ili karatasi ile safi isiharibike. Alipotaka kuanza na salamu za wazee wote, mmoja baada ya mwingine, mama alisimama katikati ya mpunga.

"Andika kwanza kwamba anakohoa," alisema.

Mzee Buya hakukasirika. Alimgeukia kwa upole.

"Mama Hadija, unamwomba mkubwa, au unamkemea?"

"Baba, mwanao anakohoa damu."

"Najua. Ndiyo maana tunakwenda kwa adabu."

Mama alirudi kwenye mpunga wake. Nilimwona akiugeuza mahali palepale, tena na tena, mahali palipokuwa pamekwisha kugeuzwa.

Tukaendelea kwa adabu. Tuliandika kwamba mto ulipojaa mwezi uliopita, watu wote walivuka salama. Kwa kuwa mvua ya juu ilikuwa nzuri, ndizi zimebeba. Ingawa homa iliingia kijijini, hakufa ila mzee mmoja aliyekuwa amechoka mwenyewe. Kila ndama alitangulia, na kila ndama nilimlazia ufito wake, nikaona fahari jinsi Kiingereza kilivyokubali kuzunguka kama sisi tunavyozunguka. Kisha Mzee Buya, akiisogelea shida yenyewe kwa hatua za mtu anayemkaribia nyuki, akataka tuseme juu ya viboko. Tuliandika kwamba tangu Komora alipoondoka viboko wamezidi, wanaingia mashambani mchana kweupe, na watoto wanaogopa kuteka maji. Alikuwa anamfungulia baba mlango. Mzungu yeyote mwenye akili angeuliza: Komora ni nani, na yuko wapi?

Niliponakili kwenye ile karatasi safi, upande wa mbele uliishia hapo. Niligeuza. Nyuma, kwa mistari mitano, niliandika kwamba baba yangu anakohoa damu, na kwamba tunamwomba mkubwa amrudishe alale kwake. Niliinakili yote kwa mwandiko wa kupendeza kuliko wowote niliowahi kuandika. Nilihesabu mikato. Ilikuwa kumi na mmoja.

Barua ilivushwa kwa pantoni pale Garsen na kupakiwa kwenye lori. Sisi tukangoja. Maji yalipanda, yakashuka, yakaacha tope jipya. Mama alilijenga upya lile dungu la baba, akakata nguzo mwenyewe, na hakumruhusu mtu mwingine kukaa juu yake. Alisema mwenyewe akija atalikuta. Kila tulipopata habari kwamba lori limefika, alioga na kubadilisha leso. Mimi nilikuwa na hakika kabisa. Watoto wenzangu waliamini hirizi, mimi niliamini mikato, na sikuona tofauti yoyote kwa sababu vyote viwili viliandikwa kwenye karatasi na mtu aliyejua.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu, limepigwa chapa, lina mhuri. Nililisoma mbele ya gasa nzima, nikigeuza kwa sauti. Mkubwa alitushukuru kwa habari zetu. Alifurahi kusikia kwamba ndizi zimebeba. Alisema amesikitishwa sana na usumbufu wa viboko, na kwamba Bwana Nyama, ndivyo alivyoitwa mzungu wa wanyama, ataletwa kuushughulikia. Niligeuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe.

"Soma tena," alisema Mzee Buya.

Nilisoma tena. Nilisoma mara nne.

Na Bwana Nyama akaja kweli. Serikali ile ilikuwa na ahadi zake ilizozitimiza. Alikuja na gari, na askari wawili, na bunduki ndefu, na asubuhi moja, mbele ya kijiji kizima, alipiga viboko wawili pale kwenye bonde letu, umbali wa hatua chache kutoka mahali baba alipomuua wa kwake. Walielea, wakavutwa ukingoni kwa kamba. Mzee Buya, kwa kuwa mgeni ni mgeni, alimpa kuku. Kuku yule alikuwa wetu. Mama alimkamata mwenyewe, akamfunga miguu, akamkabidhi kwa mikono miwili kama inavyopasa, na huku ameinamisha macho akasema kwa lugha yetu, taratibu, "Na huyu aliyeua wawili, watamfunga miaka mingapi?"

Askari mmoja aliuliza mama amesema nini.

"Anawashukuru," alisema Mzee Buya, na sauti yake haikuwa ile niliyoizoea.

Siku ile nilichukua daftari langu, lile la rasimu, nikaenda kuketi nyuma ya ghala. Nilijua lazima kuna kosa. Barua ya mtu haitupwi, mwalimu alisema, na hii ya kwetu upande wake mmoja ulikuwa umetupwa. Nikapitia sentensi moja moja kwa kidole kama nilivyofundishwa. Nililikuta katika ile mistari iliyoingia upande wa nyuma, kwenye mstari uleule wa kikohozi. Nilikuwa nimeanza na *because*, ndama ametangulia, na sikulaza ufito. Ilipaswa iwe mikato kumi na miwili. Nilijichukia, wasomaji wangu, kwa chuki ambayo mtoto hapaswi kuijua. Sikumwambia mama. Sikumwambia Mwalimu Athmani, ambaye alihamishwa mwaka uliofuata na ambaye kila aliponiona alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Baba alikufa miezi minne kabla ya kifungo chake kuisha. Tulipata habari kwa kinywa cha mtu mwingine aliyeachiliwa, si kwa barua. Alituletea kofia ya baba. Mama aliifua, akaianika kwenye ngazi ya dungu, akaiacha huko hadi jua likaifanya nyeupe. Hakuacha kulikarabati dungu. Msimu baada ya msimu aliendelea kukata nguzo, na watu walipomwambia kwamba Komora amezikwa, aliwauliza ni nani aliyemzika, na wapi, na karatasi yake iko wapi. Hakuna aliyeweza kumjibu, maana ofisi ile haikupata kumjibu neno lolote juu ya mumewe, si ndiyo wala si hapana.

Nilikua nikiamini kwamba nimemuua baba yangu kwa mkato mmoja. Mnaweza kucheka. Mimi nilicheka kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na sita, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Uhuru ulikuwa umekuja, nami nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, mbali na kwetu. Kila asubuhi nilimpelekea mkubwa barua zake, nikasimama huku akizipitia. Alisoma pale macho yalipoangukia, akaandika pembeni jina la idara, akanipa. Barua ya ng'ombe iende kwa mifugo, ya barabara iende kwa ujenzi. Sikumwona akigeuza karatasi zaidi ya mara tatu kwa mwezi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na barua nyingi na chai yake ilikuwa inapoa. Siku moja niliona anaandika pembeni "Wanyamapori", nikaelewa. Hakuna aliyeuona mkato wangu uliokosekana, kwa sababu hakuna aliyefika pale ulipokosekana. Tuliwatanguliza ndama wote, kila mmoja na ufito wake, na mama yao tukamwacha nyuma ya karatasi.

Ningependa kuwaambia kwamba kama tungemsikiliza mama, baba angerudi. Siwezi. Katika ofisi ileile niliona barua nyingi zilizoanza na ombi katika mstari wa kwanza, zimeandikwa na watu waliokimbizwa na simba kweli, nazo zilijibiwa upesi, kwa mstari mmoja: hapana. Nilizipiga chapa mimi mwenyewe. Lakini nilijifunza kwamba hapana nayo ni kitu. Mtu akipewa hapana anaweza kukaa chini. Mama yangu hakupewa hata hiyo, akakata nguzo za dungu hadi mikono ikakataa.

Miaka yake ya mwisho alikaa kwangu. Macho yalikuwa yamepungua, lakini vidole vyake bado viliijua chuya kwenye mchele, na alasiri tulichambua pamoja kwenye ungo mmoja. Siku moja, hatukuwa tumemtaja baba kwa miaka, aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Ile barua. Ulisema anakohoa?"

"Nilisema, mama."

"Mbele au nyuma?"

Ningeweza kumdanganya. Hakujua kusoma, na karatasi yenyewe ilikuwa imekwisha kuliwa na mchwa wa ofisi fulani zamani sana.

"Nyuma," nilisema.

Aliokota chuya moja, akaitupa kando.

"Mimi nilisema mbele," alisema, na tukaendelea kuchambua mchele hadi ungo ukaisha.